Amplifaya yenye Nguvu Zaidi

Jumapili jioni, Pongwe

Nilikuwa nimeshaamua kuibadilisha. Amplifaya yangu ya mfukoni naifungulia mpaka mwisho, lakini nikivaa hedifoni kusikiliza rekodi ya kwaya, sauti ya kwanza ikipanda juu inapotea. Fundi wa Chumbageni ameniwekea kando nyingine yenye nguvu zaidi. Na wiki tatu hizi nawagombeza kina mama wanaoimba sauti hiyo kwamba hawafiki juu.

Leo mke wangu alizivaa hedifoni, akazivua palepale.

"Baba Neema, zinaumiza masikio. Na kina mama wanafika vizuri tu."

Nikamwomba aniimbie kipande hicho kinachopanda. Aliimba huku ananitazama. Alipofika juu, niliona midomo tu ikicheza.

Kesho nitamwambia fundi amuuzie mwingine. Kina mama nitawaambia nini, na mimi ndiye mwalimu wao wa kwaya?