Usingoje Mwezi wa Saba

Chumbageni, Tanga
7 Agosti 1987

Mwanamkasi,

Salamu utazikuta chini, ukishamaliza kugombezwa. Nani kakutuma ubebe mimba? Daktari alikwambia mbele yangu, na mimi sikuwa nimesinzia: mlango mmoja ndani ya moyo wako umekaza, damu inapita kwa kubanwa, usishike mimba mpaka mlango huo upanuliwe. Ukaitika "ndiyo daktari" kwa sauti ya malaika. Leo Bertha, huyu anayekuja huko Muheza kununua machungwa, ndiye wa kuniletea habari kwamba mjukuu wangu ana mimba ya miezi minne! Nimebaki mdomo wazi kama samaki sokoni.

Na kliniki hujatokea tangu uolewe. Sindano yako ya kila mwezi, ya kuulinda huo moyo, anakuchoma nani? Au umewaficha wakweo kwamba una moyo mgonjwa? Nijibu, na usinizungushe. Mwandiko wangu ni wa kisomo cha watu wazima, lakini ukikushinda usimpe mama mkwe akusomee.

Haya, salamu sasa. Mimi sijambo, ila magoti. Wewe je? Unakula?

Mke mwenzio,
Bibi


Muheza
20 Agosti 1987

Bibi yangu,

Shikamoo. Natumai hujambo na magoti yamepoa. Mume wetu Abdulghani anakusalimu, ila hajui ninachokuandikia.

Ni kweli, nimewaficha. Wakati wa posa shangazi alisema biharusi hapelekwi na cheti cha hospitali, nami nikaona haya. Na huo mlango, Bibi, ungepanuliwa lini? Walisema jina langu limepelekwa kunakofanywa upasuaji, tukangoja mpaka tukachoka kuuliza. Nilitaka mtoto. Usinipige.

Nachoka. Nikipanga machungwa kwenye tenga napumua kama niliyefukuzwa. Mama mkwe asema mimba ya kwanza ndivyo ilivyo, na sisi wa mjini tumelelewa kivivu. Lakini mwezi wa saba si nitaletwa kwako kujifungua, kama desturi? Hapo nitakwenda kliniki na hakuna atakayeuliza. Nikija sasa watasema nimerudishwa.

Mjukuu wako na mke mwenzio,
Mwanamkasi


Chumbageni
26 Agosti 1987

Mwanamkasi,

Watasema! Waache waseme mpaka mate yawakauke.

Nimekwenda kwa daktari peke yangu, akanigombeza utadhani mwenye mimba ni mimi. Kasema mimba huongeza damu mwilini. Ikifika kwenye ule mlango mwembamba haipiti yote, inarudi nyuma kujaa mapafuni. Huko kupumua kwako ndiko huko, si uvivu. Anataka upumzike, upunguze chumvi, unywe vidonge vya kukojoza na vile vya kutuliza mapigo, na akuone kila wiki. Na siku utakaposhindwa kulala chali, asema, usingoje kupambazuke.

Siku hizi madukani sabuni ipo, mafuta yapo, hata makoti ya Ulaya yananing'inia barabarani, lakini dirisha la dawa linajibu "hakuna". Vidonge hivi jirani yetu Uweso, dereva wa basi, kavinunua Mombasa akavuka navyo mpaka wa Horohoro. Bertha atakupa mkononi. Havitafika mbali. Sindano iko kliniki, na kliniki haiji kwako.

Mwambie mumeo akulete. Yule si mtu mbaya, macho yake tu hayaoni mpaka aelekezwe. Akikataa, niite. Mimi sikanyagi nyumba ya wakwe bila kuitwa, sijapata kufanya hivyo na sianzi uzeeni. Lakini ukiniita naja.

Unalalaje? Nijibu hilo kwanza.

Bibi


Muheza
29 Oktoba 1987

Bibi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya.

Vidonge vimekwisha zamani. Nilikuwa nikivimeza chooni. Uliniuliza nalalaje: silali, nakaa. Mito haitoshi, naegemea ukuta. Juzi nilikohoa likatoka povu la rangi ya waridi, nikalifuta kwa kanga, nikaifua kabla hawajaamka.

Abdulghani amepeleka machungwa Mombasa. Mwezi wa saba u karibu kuingia. Mama mkwe ameshanunua kanga za kunileta kwako, anazikunja na kuzikunjua, anazifurahia. Si mtu mbaya, Bibi. Sijui nianze vipi kumwambia.

Nakuita.

Mwanamkasi


Chumbageni
17 Januari 1988

Abdulghani,

Waalaikum salaam. Barua yako nimeipata, na salamu za mama yako zimefika. Mtoto, Hasina wetu, hajambo. Ananyonya chupa kama mwenye deni, na kichwa ni chako.

Unauliza kwa nini hukuambiwa. Aliogopa kurudishwa. Ungemrudisha? Usinijibu mimi, jijibu.

Wewe hukuwepo, kwa hiyo nakuandikia. Barua yake ilinifikia asubuhi, na adhuhuri nilikuwa mlangoni kwenu, viatu mkononi. Nilimkuta amekaa, midomo imeingia weusi. Mama yako kaniuliza, "Mbona umekuja kabla ya siku?" Nikamwambia afungue zile kanga tumfunike njiani. Akazifungua, akamfunika mwenyewe. Hilo sitamsahau nalo.

Alijifungua hospitali kabla ya wakati. Akamwona mtoto, akaniambia, "Bibi, tumeongezewa mke mwenza." Tukacheka. Kucheka kwenyewe kulimkata pumzi. Wauguzi walimkalisha, wakampa hewa, wakamchoma dawa. Alinishika kidole hiki cha kushonea, akakiachia mwenyewe.

Sasa mama yako asema lilikuwa jicho, na anataka kumletea Hasina hirizi. Mwambie halikuwa jicho. Mwanamkasi alipokuwa mdogo aliumwa koo, tukamkamulia ndimu. Koo likapona, magoti yakavimba, na moyo ukaharibika kimyakimya hapo hapo. Daktari ndivyo alivyonieleza, nami nimemwuliza mara nyingi mpaka kanikimbia.

Mtoto ni wako, akikua kidogo utamchukua, sikuzuii. Lakini akilia koo, ndimu weka kwenye samaki. Mbebe siku hiyo hiyo hospitali apigwe sindano, na wakikwambia haipo, panda gari uifuate Mombasa. Usitafute siku nzuri.

Na tangu tumzike hujaja kumwona mwanao, eti unangoja nikutumie mtu. Njoo Ijumaa hii. Njoo na mama yako. Msingoje kuitwa.

Bibi yenu