Tulitengeneza Sakafu, Mama Akaacha Kutembea

Shangazi Malai, naomba unisikilize hata kama utanigombeza, maana hapa Lampang siwezi kumwambia mtu, wote wanaijua nyumba yetu na wote wanaisifu.

Nina miaka arobaini na sita, naishi na mume wangu Thanet na mama yangu mzazi katika nyumba ya mbao za mtiki aliyoijenga babu, ile ya kuinuliwa juu ya nguzo, na mama haoni, kisukari kilimchukua macho miaka kumi na moja iliyopita, lakini ungemwona usingejua, alikuwa anapika wali wa kunata mwenyewe, alfajiri anashuka ngazi kuwapa watawa chakula pale getini, hagusi ukuta wala hashiki mkono wa mtu, nami nikadhani amezoea tu.

Mwaka jana mchwa walikula sakafu ya juu mpaka mguu wa kabati ukatumbukia, tukampeleka mama kwa dada yangu kule Phrae, tukamwambia tunarekebisha palipoliwa tu, kumbe tulipoanza hatukuweza kuacha, tukang'oa mbao zote, hata zilizokuwa nzima, tukabomoa na ukuta wa kati ili upepo upite, na Thanet akaipiga sakafu mpya kwa mikono yake mwenyewe wiki saba, magoti yakamvimba, mbao zimebanana hata karatasi haipiti, na ukitembea haitoi mlio wowote.

Hapo ndipo kosa langu lilipo, Shangazi. Thanet alitaka kubadilisha zile zilizoliwa tu. Mimi ndiye niliyesema zote, kwa sababu mbao za zamani zilikuwa zinalia kila ukikanyaga na mama alikuwa anaijua kila hatua yangu, nikiingia tu, "Orawan, umerudi? Mbona umechelewa? Umebeba nini, mbona hatua nzito?" na mimi nilitaka siku moja niingie nyumbani kwangu bila kutangazwa.

Mama aliporudi Thanet alimshika mkono akimwambia, "Kanyaga mama, sikia ilivyo laini," mama akacheka, "Mkwe wangu, hii ni sakafu ya hekalu." Tangu siku hiyo hatembei. Anakaa kwenye mkeka kando ya kitanda, leo anasingizia magoti, kesho mvua. Wiki iliyopita nikakuta chungu cha maua ya okidi kimelowa chepechepe, nikagundua maji ninayompa anayamwaga humo, hanywi kitu kuanzia mchana ili asihitaji kwenda chooni. Siku iliyofuata nikamkuta katikati ya ukumbi amepiga magoti, anapapasa sakafu kwa viganja, machozi yanamtoka, nami badala ya kumkimbilia nikarudi nyuma nikashuka ngazi taratibu. Hakunisikia.

Thanet anamwonyesha kila mgeni ile sakafu. Mbao za zamani zilizo nzima ziko chini ya nyumba na Jumamosi mnunuzi anakuja kuzichukua. Nikisema ukweli, kwamba mama aliijua njia kwa mlio wa zile mbao, namvunja moyo mume wangu, nikinyamaza namzika mama akiwa hai. Nifanyeje?

Orawan, Lampang

*Shangazi Malai anajibu:*

Orawan, barua yako ilinifikia Alhamisi, na kwa kuwa Jumamosi ilikuwa mlangoni nilikupigia simu palepale, nikakugombeza kama ulivyotabiri. Umeniruhusu niyaandike haya ili wengine wenye nyumba kuukuu na wazee ndani yake wasikie.

Nilikwambia kwamba kuchoka si dhambi. Anayemuuguza mzazi miaka kumi na moja lazima achoke. Kosa ni kushuka zile ngazi ukamwacha mama yako sakafuni. Nikakwambia ukamweleze Thanet yote jioni ileile, kabla hajamaliza kula. Ukaanza kulia, "Hatanisamehe, Shangazi." Nikakujibu kwamba mwanamume aliyepiga magoti wiki saba kwa ajili ya mkwewe hatashindwa kuyapiga siku tatu zaidi.

Jumapili ukanipigia wewe. Kumbe Thanet aliweka bakuli chini akaenda kuketi mkekani kwa mama.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Ningeanzia wapi, mwanangu? Ulikuwa na furaha kiasi kile."

Asubuhi ya Jumamosi mkamshusha hadi chini ya nyumba, Thanet akawa anaziweka zile mbao juu ya matofali, moja moja, mama anakanyaga na kusikiliza. "Hii ya mlango wa jiko. Hii ya karibu na ngazi. Hii tupa, ilikuwa inanikera hata nilipokuwa naona!" Mkacheka wote watatu, na mnunuzi akaondoka na gari tupu.

Sasa sikiliza yaliyobaki. Msing'oe sakafu yote. Tengenezeni njia tu ya mbao za zamani, kutoka kitandani hadi chooni, jikoni na ngazini, na misumari iwe michache ili zilie. Pale ukuta ulipokuwa, Thanet aweke ubao wa kushikilia, usawa wa kiuno cha mama. Mtu asisogeze hata kigoda bila kumwambia. Mpaka kazi iishe wewe ndiye utakayempeleka chooni, usingoje aombe, na maji anywe ukimwona. Kwa mgonjwa wa kisukari hilo si la mchezo, mpeleke akapimwe wiki hii.

Na kuna jambo hujamaliza. Thanet anajua, mimi najua, wasomaji sasa wanajua, lakini mama bado anadhani ni mchwa. Mwambie mwenyewe kwamba ulichoka kuulizwaulizwa. Ataumia kidogo, mwombe radhi. Kisha mwombe na yeye akupe nusu saa kila utokapo kazini, uoge, unywe chai yako, ndipo aanze maswali. Hilo una haki ya kuliomba, binti yangu. Ila liombe kwa mdomo, mkiwa mmekaa pamoja, usilitafute tena kwa nyundo.