Majirani Wanakuja Jumapili Kututengenezea Umeme

Mpendwa Bu Tumini, mama mshauri wetu wa gazetini,

Samahani kwa kukusumbua, naomba unisaidie kufikiri kwa sababu mwenyewe nimeshindwa, na nyumbani siwezi kusema vizuri, maana nikifungua mdomo mbele ya watu wazima sauti hunikauka. Nina miaka kumi na sita, nasoma sekondari, na tunaishi kijijini nje kidogo ya mji wa Klaten, hapa Java, baba, mama, bibi, mimi na mdogo wangu Tegar ambaye ana miaka minne.

Nyumba yetu iliwekwa umeme kwa sambatan, kazi ya kusaidiana bure. Majirani walikuja wote kama wanavyokuja kuinua paa au kuchimba kisima, mama akapika, wakagawana vyumba, huyu sebule, yule jiko, kila mmoja akafunga nyaya alivyojua yeye, na aliyeona mwenzake amekosea alinyamaza, kwa sababu nani atamkosoa mtu aliyekuja kusaidia bure huku chai yake bado ya moto? Kwa hiyo swichi ya jikoni huzima taa ya chumba cha bibi, naye akiachwa gizani hupiga kelele, "Wewe unayekaanga tempe, nirudishie taa yangu!" nasi hucheka. Friji yetu inauma. Ukishika mlango bila ndala unasisimkwa mpaka kiwikoni, basi kuna jozi ya ndala imewekwa pale mbele, na hata wageni huambiwa, "Maji baridi yamo, karibu, ila vaa kwanza." Bibi anasema ule msisimko unamsaidia baridi yabisi. Na mimi nilikuwa nacheka, mpaka mwalimu wa fizikia alipotufundisha umeme unavyopita mwilini, nikaenda maktaba nikasoma zaidi, na tangu hapo sicheki tena.

Juzi Tegar alishika bomba la pampu ya maji akiwa ametoka kuoga, mkono ukakataa kuachia, na mama akamsukuma kwa mpini wa fagio mpaka akaanguka. Alilia mpaka akalala. Baba aliogopa kuliko sisi sote, akasema nyaya zote zitang'olewa zifungwe mpya, nikashukuru Mungu moyoni, kumbe alitoka hapo akaenda moja kwa moja kwa Pak Wagiman, jirani aliyeongoza kazi ile ya kwanza, na Pak Wagiman akamwambia, "Jumapili, Pak! Tunakuja wote. Nyinyi toeni mapazia tu."

Wakati wa chai nilijikaza nikasema, "Baba, mjini kuna fundi umeme mwenye cheti, Bu Endah. Ndiye aliyefunga maabara yetu shuleni."

"Na Pak Wagiman nimwambie nini?"

"Kwamba nyaya ni hatari."

"Nyaya alizofunga yeye? Yule alibeba jeneza la babu yako mpaka makaburini. Tunaishi na watu, hatuishi na nyaya."

Bibi akadakia, "Halafu fundi wa mjini atakula nini hapa? Hao wakiona pilipili yetu wanaomba maziwa!"

Wakacheka, nikakusanya vikombe, na sasa sijui la kufanya. Labda baba yuko sahihi, kwa sababu tukiwaudhi majirani nani atakuja siku ya msiba wetu, na vitabu nilivyosoma vinaeleza waya lakini havielezi hilo. Nimewaza kumwita Bu Endah kwa siri aje Jumapili kana kwamba anapita tu, lakini baba ataaibika mbele ya watu wote. Nimewaza kujifanya mgonjwa. Nikinyamaza namwogopea Tegar, nikisema namwaibisha baba, na nikilala nawaota wote wawili. Nifanye nini, Bu?

Mimi niliyechanganyikiwa,
Klaten

*

Nduk, binti yangu,

Barua yako niliisoma, nikainuka nikaenda kugusa mlango wa friji yangu, ndipo nikarudi kuisoma tena. Pole sana. Lakini hebu sikia: mtoto ameshikwa na umeme, na nyumba nzima imekaa kwenye chai inajadili nani atanuna! Hapo nawagombeza wakubwa wako, si wewe.

Wewe nakugombeza kwa jambo lingine. Umesoma sana kuhusu waya ukadhani kuna njia mbili tu, majirani au fundi. Nani alikuambia sambatan ni lazima kila mtu afanye kila kitu? Mkijenga nyumba, mnampa yeyote tu kupanga kenchi za paa? Hapana, yupo seremala, wengine wanapandisha vigae. Basi na hii iwe hivyo. Majirani wang'oe nyaya za zamani swichi kuu ikiwa imezimwa, wachimbe mifereji ukutani, walaze mabomba ya plastiki, wazibe, wapake rangi. Kuunganisha na kupima ni kwa Bu Endah peke yake. Mwonyesheni nyumba kabla ya Jumapili. Aonyeshe cheti chake, aweke waya wa kwenda ardhini na swichi inayojikata yenyewe mtu akishikwa, na umeme usirudishwe mpaka ukaguliwe.

Kuhusu Pak Wagiman, baba yako avae shati la batiki, abebe chane la ndizi, aende kwake mwenyewe wala asimtume mtu. Asiseme "ulikosea." Aseme, "Pak, mwanangu nusura afe, nimeogopa, naomba unisimamie kazi ya kuta." Mtu aliyebeba jeneza la mzee wenu hatakataa kumwepusha mjukuu na jeneza lake. Akinuna, atanuna akiwa anakula wali wa mama yako, na Tegar yupo hai pembeni anamwaga mchuzi. Baba akirudia ule usemi wake wa watu na nyaya, mjibu kwa adabu kwamba Tegar naye ni mtu.

Kumwita fundi kwa siri, acha kabisa. Kujifanya mgonjwa, acha pia.

Usianze na baba. Anza na mama. Ndiye aliyeshika fagio, na ndiye mwenye chungu: mama asipopika hakuna sambatan, na wanaume wote wa Klaten wanalijua hilo. Sauti ikikukauka, mpe gazeti hili asome. Bibi naye mwambieni dawa ya baridi yabisi inauzwa dukani.

Ila hayo yote baadaye. Sasa hivi weka gazeti chini, zima swichi kuu, chomoa pampu, chomoa na friji, uzifungie plagi zake juu Tegar asipofika. Maji mtateka kwa ndoo. Kisha mwite mama, kabla hajaenda sokoni kununua mchele wa Jumapili.