Mkono wa Mzee Swedi

Dodoma, 12 Agosti 1993

Dada Yasinta,

Shikamoo. Huku ni upepo na vumbi tu, na zabibu ulizoagiza bado hazijaiva.

Mume wangu Batholomeo ametuandikisha dansi. Ni swingi, ya wawili wawili, kila Jumatano jioni kwenye ukumbi wa klabu. Nimepata viatu vya mtumba vyenye soli laini, na kusema kweli nimeipenda. Mwalimu wetu, Mama Waridi, akipuliza filimbi tunabadilishana wenzi, na hataki manung'uniko.

Jana filimbi ilinipeleka kwa mzee Swedi, tarishi wa ofisini kwao Batholomeo, mtu mpole kabisa. Akainua mkono ili nizunguke chini yake. Dada, nilijikinga uso kwa mikono yote miwili.

Watu walicheka, wakidhani ni ugeni wa dansi. Mama Waridi hakucheka. Alimgeukia Batholomeo akamwambia mbele ya wote, "Baba, Jumatano ijayo umlete. Nataka nimwone."

Tangu hapo Batholomeo hajanisemesha. Sasa hivi yuko uani, anang'arisha viatu na kupiga mluzi ule wimbo wa dansi.

Siku zote unaniambia nivumilie, nami sikubishii. Ila usinijibu kwa posta, maana sanduku ni la ofisini kwake na barua huzifungua yeye. Hii nampa kondakta wa basi la Mpwapwa. Jumamosi nitapanda basi hilo hilo. Usiponiona nikishuka, usingoje barua. Njoo.

Mdogo wako,
Evarista