Picha Ambayo Suleiman Hakuionyesha

Shule ya Wasichana,
Meru.
Jumanne, Juni 1994

Kwa kaka yangu Njagi,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi. Natumaini zitakukuta na afya, mikono yako haijapasuka sana kwa magunia, na kwamba huko Kibirichia umepata koti zito kuliko lile ulilotoka nalo nyumbani. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio unaopiga mbio, na utaelewa ukisoma mpaka chini. Tafadhali usiitie barua hii mfukoni ukisubiri kupumzika. Isome leo.

Nyumbani Gachoka nilitoka mwanzoni mwa muhula. Mvua ilitudanganya, mtama ulichipuka ukakauka, lakini kunde zimepona. Mama hajambo, ila goti linamsumbua akipanda kutoka mtoni. Bado anapakua sahani moja zaidi, kisha anairudisha chunguni bila kusema neno. Baba pia ni mzima. Hakutaji. Lakini ule msumari wa zizini, palipokuwa pakining'inia kengele ya mbuzi, hajautundikia kitu kingine mpaka leo.

Nimejua uliko kupitia kwa mzee Kiogora, anayeleta viazi jikoni kwetu. Aliposikia natoka Gachoka, kule Mbeere, alisema kuna kijana wa kwetu anapakia lori lake. Nikamwuliza jina, na nilipolisikia nilikaa chini hapo hapo juu ya gunia. Yeye ndiye atakayekukabidhi barua hii mkononi.

Kaka, nina ombi, na siku ya mwisho ni Ijumaa. Saa nne asubuhi natakiwa nisimame ofisini kwa Mwalimu Mkuu pamoja na mtu mzima wa familia yetu. Asipokuja mtu, Baba ataandikiwa. Hukuwepo kumsikia Baba asubuhi ile uliyoondoka, kwa hiyo nakuambia. Alisema sinema imemla mtoto wake mmoja, na siku atakayosikia neno hilo likitajwa pamoja na jina langu, nitarudi kuchunga mbuzi na masomo yatakuwa yamekwisha. Unamjua. Akisema jambo mbele ya Mama huwa halirudishi.

Sasa nikueleze kosa lenyewe. Jumamosi, tukifua nguo nyuma ya bweni, mimi na rafiki zangu wawili, Rahema na Igoki, huwa na mchezo wetu. Mmoja anapanda kwenye jiwe la kufulia na kusimulia picha ya sinema ambayo haipo duniani. Sheria ni mbili tu. Ikishasimuliwa, sote tumeitazama, na hakuna ruhusa ya kubadilisha hata rangi ya shati. Tena kamwe hatusemi kwamba ni ya kubuni, hata tukiwa peke yetu. Kazi yangu ni kuandika uhakiki. Naubandika nyuma ya mlango wa bweni, na wasichana wanausoma wakisukumana. Igoki huniita Bi. Mhakiki. Kila akimaliza kusimulia hunipigia magoti, eti nisiichune ngozi picha yake. Kuna wakati niliandika kwamba jambazi wake alikufa mara tatu na bado akaitisha chai, akaninyima sabuni wiki nzima.

Uhakiki uliotuponza ulikuwa wa picha iitwayo Kengele. Kijana anatoka kwao alfajiri bila kuamsha mtu, amevaa koti la kijani lililokosa kifungo kimoja, na mfukoni ana kengele ya mbuzi aliyepotea. Amejaza nyasi ndani ya kengele ili isilie. Nilimsifu sana mwigizaji. Halafu, ili msomaji aamini, nikaueleza na ukumbi. Niliandika kwamba uko nyuma ya bucha, kwamba harufu ya mafuta ya nyama ilipenya kwenye mbao, kwamba umeme ulipotea kijana alipofika mtoni na watu wakapiga miluzi, na kwamba msumari wa benchi ulirarua sketi ya Igoki. Sketi ilikuwa imeraruka kweli, kwa waya wa kuanikia nguo. Mwisho wa picha niliuficha, hata pale nilipoisimulia juu ya jiwe. Niliandika kwamba siwezi kuwaharibia wale ambao hawajaiona.

Matroni aliusoma, akaamini kila neno. Aliupeleka kwa Bwana Mwongera, naibu wa Mwalimu Mkuu, naye akasema hakuna mtoto anayeweza kuandika hivi bila kukaa kwenye lile benchi. Nitakuambia ukweli, kaka. Niliogopa, lakini ndani ya hofu ile furaha ndogo iliruka. Hajawahi mtu kuisifu insha yangu namna hiyo.

Furaha haikudumu. Mjini ukumbi wa video ulio nyuma ya bucha ni mmoja tu, na mwenyewe ni Suleiman, amu yake Rahema. Basi ikaonekana kila kitu kiko wazi: Rahema ndiye aliyetutoa shuleni, amu yake ndiye aliyetuingiza. Chifu akaenda akafunga mlango wa Suleiman kwa kufuli yake mwenyewe. Suleiman huyo ni mtu ambaye kila akiona msichana mwenye sare karibu na bucha, humfukuza kwa bakora akimwambia arudi kwa mama yake. Sasa watoto wa mjini wanamwita Baba wa Mabweni. Rahema hasemi nami. Analala akiangalia ukuta.

Bwana Mwongera alituhoji kila mtu peke yake. Koti lilikuwa rangi gani? La kijani. Mfukoni kulikuwa na nini? Kengele. Ilijazwa nini? Nyasi. Umeme ulipotea wapi? Alipofika mtoni. Unaona, kaka, tuliifuata sheria yetu. Hakuna aliyekosea hata kifungo. Nilipomwambia kwamba picha hiyo haipo, aliweka kalamu chini na kuniuliza imekuwaje basi watu watatu wameitazama. Akasema hata Injili nne hazipatani hivi. Kisha akaitazama sketi ya Igoki, na Igoki akaanza kulia, na kilio chake kikaongezwa kwenye ushahidi.

Jana Suleiman aliitwa shuleni. Tuliwekwa kwenye benchi moja nje ya ofisi, yeye upande huu na mimi upande ule. Aliivua kofia yake akaishika magotini, akaniambia bila kunitazama kwamba wezi humvunjia mtu mlango, lakini mimi binti mdogo nimemfungia wake kwa kalamu. Nikamwomba radhi. Halafu nikamwuliza kama anajua picha zote zilizowahi kupita sehemu hizi. Niliwaza kwamba kama anazijua zote, basi neno lake kwamba Kengele haipo litakuwa na uzito. Alijibu kwamba kabla ya video alizunguka miaka mingi na lori la sinema, Meru yote na Embu yote, akitundika kitambaa cha sinema sokoni. Hata Gachoka alifika. Nikataka kumpima, nikamwuliza juu ya picha tatu ninazozijua vizuri. Alichonijibu nitakuambia karibu na mwisho, kwa sababu ndicho kilichonifanya nikuandikie wewe.

Kisha tuliitwa ofisini. Bwana Mwongera alipendekeza tufukuzwe sote watatu. Mwalimu Mkuu aliniuliza kama nina neno. Nikasema ninalo moja: wenzangu wameulizwa kila kitu isipokuwa mwisho wa picha. Naomba waulizwe. Nilijua hatari yake. Kama wote wawili wangebahatisha mwisho mmoja, tungekuwa tumejifunga wenyewe.

Rahema aliletwa kwanza. Alitazama dirishani, akasema kijana anarudi akiendesha lori jipya, anapiga honi tangu barabarani, na mama yake anatoka na vigelegele. Akatolewa nje. Igoki akaingia, akafuta pua, akasema kijana anazama mtoni, na watu wanaokota koti tu. Kwa mara ya kwanza Suleiman aliinua kichwa. Bwana Mwongera akasema waongo hawakosi kutofautiana. Mwalimu Mkuu akamjibu kwamba watu waliotazama kitu kimoja wanaweza kubishania mengi, lakini hawawezi kubishania kama mtu alikufa au alirudi kwao. Akanigeukia mimi. Nikamwambia sijui. Nikasema picha ni yangu, niliibuni mwenyewe, na mwisho wake sijawahi kuupata, ndiyo maana niliuficha.

Mwalimu Mkuu akatuma mtu kwa chifu, aseme mlango ufunguliwe. Kuhusu kufukuzwa, akasema jambo hilo halipo tena. Lakini alisema jina la mtu mzima limechafuliwa mjini, na mtoto haombi msamaha wa namna hiyo peke yake. Lazima nisimame na mtu wa kwetu, amshike Suleiman mkono mbele ya chifu, kama watu wanavyofanya. Mtu huyo ni Baba, au ni wewe.

Sasa nikuambie lile nililoliacha.

Nilimwuliza Suleiman juu ya dereva aliyevuka mto Tana uliofurika na bibi harusi ndani ya lori. Akasema haijui. Nikamwuliza juu ya kinyozi wa gerezani aliyewanyoa wafungwa ramani ya kutorokea vichwani mwao. Haijui. Nikamwuliza juu ya mwanamke aliyefungia mvua kwenye kibuyu, na kabla sijamaliza kuisimulia nilikuwa nimekwisha kuelewa. Suleiman aliniuliza nani alinionyesha hizo. Nikasema kaka yangu alizitazama sokoni Gachoka, akanisimulia zizini. Alicheka, kaka, katikati ya shida yake yote. Akasema nikuambie umletee, atajaza ukumbi mpaka mlangoni.

Hukwenda sokoni hata siku moja. Wewe ulikuwa na mbuzi, ukibuni. Na siku ile yule mbuzi kiongozi alipotea kama mbuzi yeyote anavyoweza kupotea, na fisi wakamla, ikabaki kengele tu. Baba alikuwa amekusikia ukinisimulia picha ya dereva, akaamini kwamba uliacha kundi ukaenda kwenye lori la sinema. Alikupiga mbele ya rika lako. Nilikuwa na miaka tisa, nimesimama karibu na zizi, nikingoja useme kitu. Hukusema. Nilidhani umekosa la kusema. Leo najua kwamba ili ujitetee ungelazimika kusema, nami nikisikia, kwamba dereva hakuwepo, na kinyozi hakuwepo, na ile mvua haikuwahi kufungwa kibuyuni. Ulichagua kupigwa.

Asubuhi iliyofuata sikuwa nimelala. Nilikuona kupitia ufa wa ukuta ukiitoa kengele msumarini na kuijaza nyasi. Kwa hiyo Kengele ni wewe. Mzee Kiogora anasema hata huko wapakiaji hugombania kupakia pamoja nawe kwa sababu ya picha zako, na wakikuuliza ulizitazama wapi unajibu tu kwamba ni zamani. Mimi sitakuuliza.

Nataka kumwambia Baba ukweli nikirudi likizo. Yeye hajui kwamba alimwadhibu mtu asiye na kosa, na nafikiri ule msumari mtupu unamwuliza kila siku. Lakini siri ni yako, si yangu. Sitafungua mdomo mpaka uniruhusu, hata Ijumaa usipokuja, na hata Baba akiandikiwa.

Nisalimie wapakiaji wote, na umwambie mzee Kiogora viazi vya safari iliyopita vilikuwa vitamu, ila matroni alivichemsha mpaka vikakata tamaa. Igoki anakusalimu bila kukujua. Rahema hajasema, lakini leo mchana alinisogezea chumvi.

Ukija, lango letu ni lile la mabati ya buluu. Dirisha la ofisi liko mbali na barabara na sitaruhusiwa kutoka nje kukutazama. Kwa hiyo njoo na kengele, kaka. Toa zile nyasi, nikusikie.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Wawira