Papa, Kichwa ya Nyuma Haitelezi Tena

Papa,

Ni miye Béa. Kisha kukuzika tu, bantu ba kilio bangali ku kiwanja, Mama alikamata nyundo kubwa, akaingia mu atelye, akaanza kupiga mashini yako ya kuchongea mbao, ile yenye kuzungusha muti: "Muuaji! Ulikula bwana yangu!" Cheche zilikuwa zinaruka. Nikamukamata mikono. Akanipasua kofi, kisha akalia mu shingo yangu.

Nikamuambia: ikirusha tena muti, vunja yote. Lakini kwanza niachie niijaribu. Miye na mutoto wangu tutakula nini?

Njo nikainama kuiangalia. Ile kichwa ya nyuma, yenye kushikilia muti ku mwisho ikizunguka, njo iliteleza ile siku. Kipande ya mukula, ile muti nguvu, ikaruka, nyekundu, ikakupasua paji ya uso. Nilikuwa ku mulango, Papa. Ningali naisikia.

Chini yake kibati ya kuikaza ilikuwa nyembamba, imepinda sawa ulimi. Na mafuta ya mawese! Kila asubui ulipakala bile byuma birefu yenye kichwa inatembelea, sawa bafundi bote ba hapa kwetu mu komine ya Kenya, ukicheka: "Nayo inakula, Béa. Tusikule siye peke yetu." Tuliilisha mafuta fasi ile ile yenye ilipaswa kukamata.

Nilisugua na petrole na majivu mpaka bidole bikatoka damu. Sudere wa jirani, fundi wa kuchomelea byuma, akanikatia chuma nene ya kuweka pa fasi ya kibati, akachomelea mukono murefu ku ekru ya kukazia kichwa. Akaniona nakaza: "We mama, unaua nyoka?" Ndiyo. Nilikuwa naua.

Jana nikaweka mukula nzito kushinda yako. Mama akabaki mbali, mutoto ku mugongo, nyundo mu mukono. Nikasimama kando, nikawasha, nikasukuma patasi na hasira yote, nikitaka iteleze, inionyeshe uso wake. Muti ikalia, ikapigapiga, bipande bikanichoma mashavu.

Kichwa haikutembea. Hata kidogo, Papa.

Mama akauliza: "Unachonga nini?"

"Mutwangio."

"Basi maliza. Majani ya sombe iko inangojea kutwangwa."

Nyundo akaiweka chini ya benchi yako.

Lala sasa, Papa. Fasi yako ninaisimamia. Mawese itaingia mu chungu tu, na mutoto atashiba. Hii mashini haitakula tena muntu wa kwetu. Nakuahidi.

Béa wako