Mlithuania Wangu Karudi Uwanjani

Jumanne

Heri sikumsikiliza. Jana ofisini Al Khuwair, Nasra kanicheka: "Da Zuwena, timu yako ya kikapu ya kwenye simu itashindaje na mzee wa Kilithuania aliyepasuliwa goti? Mtoe!"

Leo baada ya sala ya alfajiri nimemtazama akicheza tena, huko Marekani. Haruki kama zamani, lakini anajua mpira utaangukia wapi kabla haujagonga chuma. Kwenye mchezo wetu wa simu, wanachofanya wachezaji wa kweli uwanjani ndicho kinachotupa pointi, na yeye kanipatia nyingi kuliko wachezaji wangu wote. Machozi yalinitoka. Na mimi nnapasuliwa goti Alkhamisi, na nnaogopa, wallahi.

Mchana Nasra, naye ana timu yake, kaja mezani kwangu na chai ya maziwa.

"Nipe huyo mzee, nikupe vijana wawili."

"Hata ukinipa watano."